Uchambuzi: Kazi iko Afungi, nyumba iko wapi?

Mradi mkubwa wa gesi kaskazini mwa Cabo Delgado umerejea baada ya zaidi ya miaka minne ya kusimama, na vijana wa Palma na Mocímboa da Praia wanazisubiri ajira. Lakini kwa anayebahatika kuipata, swali la kwanza huwa si mshahara. Ni mahali pa kulala: pawe karibu na kazi, pafikike kwa usalama, na kodi yake iwe ya kumudu.

Tumchukulie kijana mmoja wa Mocímboa da Praia. Amepigiwa simu na kampuni ndogo ya kandarasi kwamba Jumatatu aripoti kazini karibu na rasi ya Afungi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kazi ni ya miezi sita na inaweza kuongezwa. Familia imefurahi, mama ameomba dua na majirani wamepongeza. Jioni, wakati wa kupanga safari, ndipo mjomba wake anapouliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria: "Utalala wapi, mwanangu?"

Kijana huyu ni wa kubuni, ila swali analoulizwa linaulizwa kweli katika kila familia ya pwani hii ambayo mtoto wake ameitwa kazini. Namna linavyojibiwa, au linavyoachwa bila jibu, ndiyo itakayoamua ni nani hasa atafaidika na ajira za gesi: mzaliwa wa pwani au mgeni aliyeletwa na ndege.

Kilomita si kipimo pekee

Kutoka Mocímboa da Praia hadi Palma ni takriban kilomita 80 kwa barabara. Katika nchi yenye amani na barabara nzuri, huo ni umbali ambao mfanyakazi angeweza kuumaliza asubuhi na jioni, japo kwa uchovu. Kaskazini mwa Cabo Delgado hesabu haifanywi hivyo. Hapa umbali hupimwa kwa hali ya usalama njiani, kwa saa ambazo magari yanathubutu kutembea, na kwa majira ya mvua yanayogeuza barabara za udongo kuwa matope.

Historia ya karibuni inaeleza sababu. Uasi ulianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, wapiganaji waliposhambulia vituo vya polisi. Februari 2019 msafara wa kampuni ya Anadarko, iliyokuwa ikiuongoza mradi wa gesi wakati huo, ulishambuliwa katika barabara ya Mocímboa kwenda Palma. Tarehe 27 Juni 2020 wafanyakazi wanane wa kampuni ya ujenzi ya Fenix Constructions Service waliuawa gari lao liliposhambuliwa kaskazini ya mji wa Mocímboa da Praia. Watu hao walikuwa safarini kwa shughuli za kazi, kama anavyosafiri mfanyakazi yeyote wa kandarasi.

Vikosi vya Rwanda vilivyowasili Julai 2021 vilisaidiana na jeshi la Msumbiji kuukomboa mji wa Mocímboa da Praia mwezi Agosti mwaka huo, na tangu hapo ukanda wa Palma hadi Mocímboa umekuwa na utulivu kuliko maeneo mengine ya mkoa. Hata hivyo, utulivu haujawa sawa na amani. Barabara ya N380, inayoiunganisha sehemu ya kusini ya mkoa na ya kaskazini, imeendelea kushuhudia mashambulizi na misafara inayosindikizwa na wanajeshi.

Kwa hiyo kijana wetu hana hiari ya kuamka alfajiri kwao na kurudi jioni. Ili kazi iwe kazi kweli, ni lazima apate chumba Palma, au Quitunda, au katika moja ya vijiji vilivyo jirani na uzio wa mradi. Watu wengine maelfu wanafikiri kama yeye, katika mji ambao miaka michache iliyopita ulichomwa moto.

Palma kabla na baada ya Machi 2021

Palma imekaa kando ya ghuba ya Tungi, jina linalokumbusha usultani wa kale wa Waswahili kabla ya Wareno kuitwaa ghuba hiyo mwaka 1887. Kwa vizazi vingi ulikuwa mji wa wavuvi, wakulima na wafanyabiashara wa majahazi, wenye nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti, na nyumba chache za mawe. Kupanga chumba kwa kodi halikuwa jambo la kila siku. Mgeni alifikia kwa ndugu, au kwa mtu wa ukoo wake, au kwa mwenyeji aliyejuana na baba yake.

Mambo yalianza kubadilika baada ya gesi kugunduliwa katika bonde la Ruvuma mwaka 2010. Wageni walifika: wapimaji, wajenzi, madereva, wapishi, walinzi, wafanyabiashara kutoka Nampula, Maputo, Tanzania na kwingineko. Benki zilifungua matawi, hoteli zikajengwa, na mwenye nyumba ya matofali akagundua kwamba ana mali. Juni 2019 wawekezaji walitoa uamuzi wa mwisho wa kuujenga mradi wa Mozambique LNG, wenye thamani ya takriban dola bilioni 20. Katika mwaka huo huo kampuni ya Ufaransa ya Total, leo TotalEnergies, ikachukua uongozi wa mradi kutoka kwa Anadarko.

Kisha tarehe 24 Machi 2021 wapiganaji waliuvamia mji. Watu wengi waliuawa, wakiwemo wafanyakazi wa kandarasi waliokuwa wamejificha katika hoteli ya Amarula na kushambuliwa walipojaribu kutoka kwa msafara wa magari. Maelfu walikimbilia Quitunda, karibu na lango la Afungi, wengine msituni, wengine kwa majahazi na meli hadi Pemba. Mwezi uliofuata Total ilitangaza hali ya dharura ya kisheria inayoiruhusu kampuni kusimamisha majukumu ya mikataba yake, na kazi ikakoma.

Waliorejea Palma katika miaka iliyofuata walikuta nyumba zilizoungua, nyingine zikiwa zimebaki kuta bila paa, nyingine zikikaliwa na watu wasiowajua. Hivyo, TotalEnergies ilipotangaza Novemba 2025 kuondoa hali ile ya dharura, na kulenga gesi ya kwanza mwaka 2029, tangazo hilo liliufikia mji ambao akiba yake ya nyumba ilikuwa imepungua huku mahitaji yakitarajiwa kupanda. Kodi hupanda kwa sababu ya namna hiyo popote duniani, na mwenye nyumba anayepandisha bei si lazima awe mwovu. Huenda nyumba hiyo ndiyo mali pekee iliyomsalia baada ya vita.

Uzio na masoko mawili ya nyumba

Lakini Palma ina jambo la ziada, nalo ni uzio. Eneo la mradi Afungi, lenye ukubwa wa takriban hekta 7,000, lina kambi ya wafanyakazi, uwanja wake wa ndege na sehemu ya kutia nanga. Mtu anaweza kutoka Maputo au Pemba, akafanya kazi kwa wiki kadhaa kwa utaratibu wa zamu, akala na kulala ndani ya uzio, na kurudi kwao bila kukanyaga mtaa hata mmoja wa Palma. Wafanyabiashara wa mji huo wamelalamika hadharani kwamba hoteli na nyumba walizozijenga kwa matumaini ya mradi hazipati wateja, kwa kuwa mradi umejifungia.

Ni vyema kuupima utaratibu huu kwa haki. Kampuni iliyowaona wafanyakazi wa kandarasi wakiuawa ina wajibu wa kuwalinda, na kambi yenye ulinzi ni njia mojawapo. Tena kambi ina faida ambayo haisemwi mara nyingi: kama maelfu ya wafanyakazi wenye mishahara mikubwa wangemiminika mjini kutafuta vyumba, kodi ingepaa na mvuvi anayepanga angefukuzwa nyumbani kwake. Kwa maana hiyo, uzio unamkinga mpangaji maskini dhidi ya ushindani ambao asingeuweza.

Tatizo ni kwamba uzio haumkingi kila mtu kwa kipimo kimoja. Mhandisi na fundi stadi wamepewa kitanda, chakula na usafiri. Anayeachiwa ajitafutie mwenyewe ni kibarua, msaidizi wa fundi, mfagizi au mlinzi aliyeajiriwa na kampuni ndogo iliyopewa kazi na kampuni ya kati iliyopewa kazi na kampuni kubwa. Huyo ndiye mwenye mshahara mdogo na mkataba mfupi, na mara nyingi ndiye mwenyeji wa pwani hii. Yanajitokeza, basi, masoko mawili ya nyumba: moja la ndani ya uzio, ambamo anayelala hadaiwi chochote, na jingine la nje, ambamo anayepata kidogo hulipa kila kitu.

Hesabu ya mpangaji

Turudi kwa kijana wetu na tufanye naye hesabu, bila kutaja kiasi, kwa kuwa bei hutofautiana mtaa kwa mtaa na mwezi kwa mwezi. Tuseme kodi ya chumba ni robo ya mshahara wake. Ukiiangalia hivyo, si mbaya. Lakini katika miji mingi ya Msumbiji, kama ilivyo Tanzania, mwenye nyumba hutaka kulipwa miezi kadhaa mbele. Akitaka miezi sita, kijana anadaiwa mshahara wa mwezi mmoja na nusu kabla hajapokea hata metikali moja. Akiongeza ujira wa dalali, godoro, ndoo, jiko la mkaa na nauli ya kufika kazini mpaka siku ya malipo, deni lake linafika karibu mishahara miwili.

Fedha hizo atazitoa wapi? Ama familia iuze kitu, ama akope kwa mtu wa mtaani kwa riba. Na mkataba wake ni wa miezi sita. Mradi ukisimama tena, kama ulivyosimama 2021, kazi itakwisha naye atabaki na chumba kilicholipiwa na deni lisilolipwa.

Wapo wanaoikwepa hesabu hiyo kwa kulala watano au sita chumba kimoja. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na mji, ambako kodi ni nafuu, na kutegemea pikipiki za abiria au basi dogo, lile ambalo Msumbiji huitwa chapa. Hapo akiba ya kodi huliwa na nauli, na saa za alfajiri na magharibi huwa saa za hofu. Na wapo wanaoiacha kazi. Hao hawaonekani katika takwimu yoyote. Nafasi zao hujazwa na wengine, kisha husemwa kwamba vijana wa pwani hawapendi kazi.

Mzigo wa mwanamke ni mkubwa zaidi. Msichana anayeajiriwa kufua au kupika hawezi kujibanza katika chumba cha wanaume sita, wala familia yake haitakubali akae kwa mtu wasiyemjua. Kama hana shangazi au dada Palma, kazi hiyo si yake, hata kama jina lake limo katika orodha.

Quitunda na haki ya mwenye nyumba

Ili kupisha mradi, zaidi ya familia 500 zilihamishwa kutoka vijiji vya rasi ya Afungi, wengi wao wakipelekwa katika makazi mapya ya Quitunda yenye nyumba za matofali, shule na kituo cha afya. Familia za kwanza ziliingia mwaka 2019. Uhamisho huo ulipaswa kufuata kanuni ya mwaka 2012 kuhusu makazi mapya yanayotokana na shughuli za kiuchumi, inayotaka wanaohamishwa wasiwe na hali mbaya kuliko ya awali. Lakini malalamiko hayajakoma. Mvuvi aliyeishi hatua chache kutoka ufukweni aliwekwa mbali na bahari, na wakulima wengi walisubiri kwa muda mrefu mashamba ya kufidia yale waliyoyapoteza.

Kwa mtu aliyepoteza bahari na shamba, chumba cha ziada kinaweza kuwa shamba jipya. Akikipangisha kwa mfanyakazi, anapata kipato cha kila mwezi, na mfanyakazi analala karibu na lango. Ni mpango unaowafaa wote wawili, kwa sharti kwamba mwenye nyumba anajua haki yake na mpangaji ana karatasi mkononi.

Hapa sheria ya Msumbiji inahitaji kueleweka vizuri. Katiba inasema ardhi ni mali ya taifa, haiuzwi wala haiwekwi rehani. Mwananchi hupata haki ya kuitumia, inayojulikana kwa ufupisho wa Kireno kama DUAT. Nyumba iliyojengwa juu ya ardhi hiyo, kwa upande mwingine, ni mali ya aliyeijenga, naye anaweza kuipangisha. Sheria ya Ardhi, nambari 19 ya mwaka 1997, inamtambua pia mtu aliyeipata ardhi kwa mila za jamii yake, na aliyeitumia kwa nia njema kwa muda usiopungua miaka kumi. Kukosa hati hakumwondolei haki hiyo, na ushahidi wa wanajamii wenzake unakubaliwa.

Kipengele hicho ni muhimu sana katika mji ambao makaratasi mengi yaliungua au kupotea Machi 2021. Mama aliyerudi na kukuta mgeni amejenga kwenye kiwanja chake, au amekwishapangisha nyumba yake kwa watu wengine, hana sababu ya kukata tamaa kwa kuwa hana hati. Majirani waliomwona akiishi hapo ni ushahidi wake. Kuhusu vitambulisho, shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, UNHCR, limekuwa likishirikiana na Chuo Kikuu Katoliki cha Msumbiji kuwasaidia waliokimbia vita kuvipata upya. Bila kitambulisho mtu haajiriwi na kampuni yenye utaratibu, wala hawezi kusaini mkataba wa nyumba.

Sheria yenyewe ya upangaji ni ya zamani. Mizizi yake ni amri ya kikoloni nambari 43525 ya mwaka 1961. Baada ya uhuru, tarehe 3 Februari 1976, Rais Samora Machel alitangaza kutaifishwa kwa nyumba za kupangisha, na serikali ikawa ndiyo mwenye nyumba kupitia taasisi iliyoitwa APIE. Upangishaji binafsi ulirudi baada ya mageuzi ya miaka ya 1990. Hatua zote hizo ziliihusu zaidi miji ya saruji kama Maputo na Beira. Mtu wa nyumba ya makuti Palma hakuguswa na kutaifishwa, wala hakufundishwa mkataba wa upangaji ni nini. Gesi ndiyo iliyomletea soko la nyumba, na soko hilo lilifika bila maelezo.

Lugha ya karatasi

Kuna kikwazo kingine ambacho wanaoshinda wakihamisha maneno kutoka lugha moja kwenda nyingine hukiona upesi. Mikataba huandikwa kwa Kireno. Wengi wa wanaoisaini Palma hufikiri kwa Kimwani, Kiswahili, Kimakonde au Kimakua. Katika Kiswahili neno "kodi" linabeba maana mbili: malipo ya nyumba na malipo ya serikali. Kireno kinazitenganisha: malipo ya nyumba ni "renda", na ya serikali ni "imposto". Mzee anayeambiwa na mkalimani wa haraka haraka kwamba "atalipa kodi" anaweza kuondoka akiamini serikali imemtoza ushuru wa kupangisha, kumbe ilielezwa kodi ya chumba. Au kinyume chake, akadhani kila kitu kimekwishahesabiwa kumbe ushuru bado.

Maneno mengine mawili yanafaa kujulikana kabla ya kalamu kushikwa. "Caução" ni dhamana: fedha anazoweka mpangaji ili zilipe uharibifu, naye arudishiwe akiondoka bila kuharibu. Si kodi ya mwezi wa ziada, na mwenye nyumba hapaswi kuila. "Aviso prévio" ni taarifa ya mapema: idadi ya siku ambazo kila upande unalazimika kumwarifu mwenzake kabla ya kuvunja mkataba. Katika mji ambao mradi unaweza kusimama ghafla, mstari huo mmoja wa taarifa unaweza kuwa na thamani kuliko punguzo la bei.

Mkataba hauna haja ya kuwa mrefu. Karatasi moja yenye majina ya pande mbili, mahali nyumba ilipo, kiasi cha kodi na dhamana, tarehe ya kuanza na ya kwisha, na muda wa taarifa, ikisainiwa mbele ya mashahidi na nakala moja ikabaki kwa kila upande, ni kinga kubwa. Kila malipo yaandikiwe stakabadhi. Na kabla ya kulipa, mpangaji amuulize katibu wa mtaa na majirani: je, anayepangisha ndiye mwenye nyumba, au ni mtu aliyeingia wakati wenyewe wamekimbia? Ni swali la aibu kidogo kuuliza, lakini huzuia hasara mbili kwa pamoja: ya mpangaji atakayefukuzwa, na ya mkimbizi atakayerudi na kukosa pa kuingia.

Funzo kutoka ng'ambo ya Ruvuma

Wasomaji wenye ndugu Mtwara wanakumbuka hali inayofanana. Gesi ilipoanza kuzungumzwa kwa nguvu mwanzoni mwa muongo uliopita, watu wa Mtwara walijenga nyumba za wageni, bei za viwanja zikapanda, na kodi za vyumba zikafuata matarajio badala ya kufuata mishahara. Serikali ya Tanzania ilipoamua gesi ipelekwe kwa bomba hadi Dar es Salaam, ghadhabu ikalipuka, na ghasia za Januari na Mei 2013 zikagharimu maisha na mali. Bomba lilikamilika mwaka 2015. Nyingi ya kazi zilizotarajiwa hazikuja, na mradi wa kusindika gesi kuwa kimiminika huko Lindi umebaki kwenye mazungumzo kwa miaka mingi.

Waliojenga kwa mikopo waliumia, na waliopanga kwa bei ya matarajio waliumia pia. Funzo kwa Palma si kwamba watu wasijenge. Ni kwamba soko la nyumba linalotegemea mradi mmoja tu huanguka pamoja na mradi huo, na anayeanguka kwa kishindo ni yule aliyeweka kila alichonacho. Mwenye nyumba Palma anayekubali kodi ya wastani kwa mpangaji wa kudumu, kama mwalimu, muuguzi au mvuvi, huenda akawa salama kuliko anayeiacha nyumba tupu akimsubiri mgeni wa kampuni ambaye tayari ana kitanda ndani ya uzio.

Nini kiko mikononi mwa nani

Serikali na kampuni huzungumza sana kuhusu asilimia ya wenyeji watakaoajiriwa. Idadi hiyo haina maana kamili kama haikuambatana na swali la mjomba. Ajira kwa mwenyeji asiye na pa kulala ni ahadi iliyoandikwa tu.

Kampuni inayoongoza mradi inaweza kudai, katika mikataba yake na wakandarasi, kwamba mfanyakazi wa ngazi ya chini anayeajiriwa kutoka wilaya za Palma na Mocímboa apewe ama kitanda, ama usafiri wenye ulinzi wa kwenda na kurudi, ama sehemu ya mshahara wa kwanza mapema ili alipe chumba. Gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na mradi wa mabilioni. Taasisi ya maendeleo iliyoanzishwa baada ya ripoti ya mwaka 2023 ya Jean-Christophe Rufin, na iliyotangaziwa bajeti ya dola milioni 200, imepewa jina la Kiswahili: Pamoja Tunaweza. Jina hilo lingepata uzito kama sehemu ya fedha hizo ingewasaidia waliorejea kuezeka upya nyumba zao. Kila paa linalorudi ni chumba kinachoongezeka sokoni.

Serikali ya wilaya, kwa upande wake, ndiyo yenye uwezo wa kupima viwanja, kuzitambua haki za waliokimbia kabla havijagawiwa wengine, na kuweka katika kila mtaa mfano wa mkataba wa upangaji kwa Kireno na kwa lugha za pwani. Jambo hilo halihitaji bilioni yoyote. Linahitaji karatasi, mtu anayejua kusoma lugha zote mbili, na nia.

Na kijana wetu? Jioni ile mjomba alitafuta simu na kumpigia rafiki wa zamani, mvuvi aliyehamishiwa Quitunda, ambaye chumba chake cha nyuma ki tupu tangu mwanawe aende Pemba. Wakaafikiana kodi ilipwe mwezi kwa mwezi, baada ya mshahara. Kwa sasa, hivi ndivyo pwani inavyolitatua tatizo lake: kwa kujuana. Mfumo huo una heshima yake, na umewahifadhi watu wengi katika vita hivi. Lakini kila mtu hana mjomba mwenye rafiki Quitunda, na mradi utakaodumu kwa miongo hauwezi kuegemea bahati ya simu moja.